Bado Anasalimia

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, nami nilikulia katika kota za polisi Wandegeya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya matusi na ya kuombana chumvi. Kila asubuhi nilimsikia akitoa ripoti kwa mkubwa wake, na ripoti ile ilikuwa na mpango usiobadilika. Kwanza visigino viligongana, kisha sauti ikatoka: "Salama, afande." Hata kama wezi walikuwa wameingia ghalani, hata kama askari mmoja alikuwa amelazwa hospitali, kwanza ilikuwa salama. Ndipo lilipofuata neno ambalo mkubwa alikuwa akilisubiri: lakini. Salama, afande, lakini ghala limevunjwa. Sisi watoto tulimwigiza nyuma ya kota. Salama, afande, lakini mbuzi amekula kofia yako. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Nilipopelekwa shule Mengo niliwakuta Waganda nao wana mpango huohuo, tena mrefu zaidi. Mwanamke anapiga magoti, anauliza umeshindaje, wa nyumbani wako vipi, unajibu kuwa wako vizuri, anaguna, nawe unaguna, mnagunaguna hapo kana kwamba siku haina mwisho. Pumzi zikishatulia ndipo anakwambia kwamba ametoka kumzika shangazi yake. Hakuna aliyeona ajabu. Ukimuuliza mtu habari atakujibu nzuri, na kila aliyelelewa vizuri anajua kwamba hiyo nzuri siyo habari yenyewe. Unakaa, unangoja, habari inakuja.

Nayasema haya mapema kwa sababu kosa langu limo humo humo, na sitaki mtu afike katikati aanze kunionea huruma akisema labda yule binti hakujua. Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale siku ile.

Niliajiriwa katika kiwanda cha ngozi miaka michache baada ya wanajeshi kushika nchi. Kiwanda kilikuwa bondeni, chini ya Katwe, mahali ambapo mfereji unapita kuelekea kwenye mafunjo na kutoka hapo unaingia ziwani. Wenye kiwanda walikuwa kampuni ya ng'ambo. Fedha za kukipanua zilitoka benki ya ng'ambo pia, na kwa kuwa ngozi ile ilishonewa buti za jeshi, serikali ilimweka kapteni mmoja pale kuangalia mambo yake. Meneja alikuwa Mzungu, mtu mpole mwenye miwani, aliyesema "tafadhali" hata kwa paka wa stoo. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu na mkalimani, kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza cha Mengo, Kiganda cha mtaani na Kiswahili cha kambi. Watu walisema nina ulimi mwepesi. Nilipenda sana kusikia hivyo.

Harufu ya ngozi mbichi ilinifuata mpaka kitandani. Lakini sikuthubutu kulalamika. Siku zile sukari na sabuni zilipatikana kwa magendo au kwa kujuana, na wale walioitwa mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi, walikuwa wameshayamaliza maduka yenyewe kama mchwa. Mimi kila mwisho wa mwezi nilitoka kiwandani na miche miwili ya sabuni na kilo mbili za sukari. Jirani zetu wa kota walianza kuniita "mama mkubwa," nami sikuwakataza.

Maji ya kiwanda yalitoka kwa bomba nene upande wa nyuma. Siku nyingine yalikuwa meupe ya chokaa, siku nyingine ya kijani, na siku ngozi zilipokwanguliwa nywele yalitoka meusi mazito yenye povu. Yaliingia mferejini, na mvua ikinyesha mfereji ulifurika ukaingia katika chemchemi ya watu wa bondeni. Watu hao hawakuwa na bomba. Walikuwa Waganda wachache wenye vibanda vya zamani, familia za askari wa vyeo vya chini, na Wakongo waliokimbia vita kwao wakapanga vyumba vya udongo. Walilima magimbi kando ya mfereji na kuyauza Katwe kwa mafundi wa vyuma.

Miongoni mwao alikuwako mama mmoja Mkongo aliyefua nguo za watu. Kila Jumatatu alipanda mpaka getini kwetu akiwa na binti yake, mtoto wa miaka kama minane, na kila Jumatatu mlinzi alinipigia simu ofisini nikamwondoe. Mara ya kwanza nilishuka nimekasirika. Tulisalimiana, akasema mambo ni muzuri, nyumbani ni muzuri, Mungu anasaidia. Kisha akapandisha gauni la mtoto mpaka magotini. Miguu ilikuwa na vidonda vya mviringo, kama vilivyochongwa kwa kifuniko cha chupa, na kingo zake zilikuwa ngumu, katikati pabichi. Mtoto ndiye aliyevuka mfereji kuchota maji. Hospitali ya Mengo walikuwa wamempaka dawa mara nne, lakini vidonda havikukauka, kwa sababu kesho yake alivuka tena.

Nilimwambia nitamwambia meneja. Nikamwambia kweli. Meneja alivua miwani, akaifuta, akasema jambo hilo linajulikana na liko katika mpango. Na alisema kweli, kwa maana mpango huo niliuchapa mimi mwenyewe. Katika mkataba wa mkopo kulikuwa na kifungu kilichosema kampuni ijenge matangi matatu ya kutuliza maji machafu kabla hayajafika mferejini. Benki ilikuwa na wasiwasi, si kwa ajili ya yule mtoto, bali kwa ajili ya ziwa. Ziwa lile ni la nchi tatu, na benki hiyohiyo ilikuwa imekopesha watu wa ng'ambo ya pili ya ziwa pia. Ilitaka kumtuma mkaguzi aje aone, na awaulize majirani. Majirani wakilalamika, fungu la pili la mkopo lingezuiwa mpaka matangi yajengwe. Wasipolalamika, fungu lingetoka na matangi yangengoja.

Jumatatu iliyofuata nilimweleza yule mama yote haya. Nilimwambia atakuja mtu mkubwa kutoka ng'ambo, si wa kampuni, ni wa wenye fedha. Yeye ndiye wa kumwambia. Alete mtoto, alete maji ya chemchemi, alete magimbi yaliyooza. Nilimwahidi kwamba nitakuwepo nitafsiri. Alinishika mikono yote miwili.

"Aksanti, mutoto yangu," alisema. "Weye ndiye kinywa yetu."

Hapo nilikuwa bado mtu. Wiki mbili baadaye meneja aliniita ofisini, kapteni akiwa amekaa dirishani akimenya chungwa kwa kisu kidogo. Meneja alikuwa amekonda kwa mawazo. Matangi, alisema, yangekula fedha zote za mashine mpya, na jeshi linataka buti. Hakutaka kumdanganya mkaguzi, hapana, yeye si mtu wa namna hiyo. Alitaka tu kujua kama kuna njia ya ziara ile kupita kwa utulivu, bila kelele za watu bondeni. Aliniuliza mimi kwa kuwa nawajua watu.

Nimewasikia wenzangu wa umri huu wakieleza mambo yao ya miaka ile. Kila baya lililofanyika liliamriwa na mkubwa, na kila aliyelifanya alikuwa ameelekezewa bunduki. Ningependa na mimi niseme hivyo. Ningependa kusema kapteni alinitazama, au aliweka kisu mezani taratibu. Hakufanya lolote. Alikuwa akila chungwa lake na kutema mbegu katika kiganja. Wala meneja hakunipa maneno ya kusema. Hila ilitoka kinywani mwangu mwenyewe, na ilitoka haraka, kwa sababu nilitaka kuonekana mjanja.

Nilimwambia: hapa watu hawaanzi na shida. Ukiwauliza wako vipi, watasema wako salama, watoto hawajambo, nyumba nzuri. Ni adabu. Mwache mkaguzi aulize hali zao, nami nitauliza kama mtu anavyosalimia. Watajibu wenyewe, na mimi nitatafsiri neno kwa neno, sitaongeza wala kupunguza. Kisha mtasema muda umekwisha.

 Meneja akacheka, akasema mimi nimepotea njia, ningekuwa balozi. Kapteni naye alicheka. Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo hadi leo nikiikumbuka nasikia mashavu yakiniwaka.

Mkaguzi alikuwa kijana mrefu mwenye shingo nyekundu kwa jua, na kamera ikimning'inia kifuani. Alitoka hotelini kwa gari la kampuni, na njiani aliniuliza nilijifunza wapi Kiingereza safi namna ile. Nikamtajia shule yangu ya Mengo, nikamtajia na mwalimu mkuu, nikamwambia hata wimbo wa shule tuliouimba. Meneja alikuwa mbele, kapteni akiendesha. Mtu yule alitumwa na benki kuja kuikagua kampuni, akapandishwa gari la kampuni, akapewa mkalimani wa kampuni, na hakuona kitu. Au aliona akadhani ndivyo kazi inavyofanywa. Wenye fedha wengi hupenda kusikia kwamba fedha zao zimelala vizuri, na asiyetaka kusikia jambo huwa hachagui sana mkalimani.

Watu wa bondeni walikuwa wamejiandaa. Hapo ndipo paliponichoma. Walikuwa wamefagia njia mpaka udongo ukawa na mistari ya ufagio. Wazee wa Kiganda walivaa kanzu. Kiti kimoja chenye mikono kilitolewa sijui nyumba gani kikawekwa kivulini, na juu yake wakatandika kitambaa cheupe kilichofuliwa mpaka kikang'aa, bila shaka na yule mama. Mgeni aliletewa maji ya kunywa, na kwa kuwa walimheshimu, hawakuyateka katika chemchemi yao; walimtuma mtu mpaka bomba la mjini kumletea maji safi. Mkaguzi alikunywa akasema maji ni matamu. Niliwatafsiria, wakapiga makofi.

Yule mama alikaa mbele chini, miguu ameikunja upande. Alikuwa na karai lililofunikwa na sahani, na mtoto alikuwa kando yake amevaa soksi ndefu nyeupe. Aliniangalia akatabasamu. Tulikuwa na siri yetu, mimi na yeye.

Mkaguzi alitoa daftari. Alisema niwaulize hali zao za maisha hapa zikoje. Nikageuka, nikapiga magoti kama binti aliyefunzwa, nikawasalimu wazee kwa Kiganda na wengine kwa Kiswahili. Habari za hapa? Nzuri. Nikamtafsiria: wanasema hali ya hapa ni nzuri. Akaandika. Akaniambia niulize afya, hasa ya watoto. Watoto hawajambo? Hawajambo, tunashukuru. Wanasema watoto wana afya, wanashukuru. Akaandika. Na nyumbani, na mashamba? Salama. Salama tu. Wanasema salama.

Sikuongeza neno, wala sikupunguza. Ukisoma majibu yale na kuyalinganisha na maswali, hutapata kosa hata moja. Nililijua hilo wakati nikitafsiri, na nilijisikia fundi.

Kisha wakanyamaza. Kimya kile nakifahamu tangu utotoni. Ndicho kimya cha baba yangu kati ya salama na lakini. Wazee walikohoa. Yule mama alinyanyua sahani juu ya karai. Ndani yalikuwa maji ya chemchemi, meusi, na povu limeganda kando. Alimvua mtoto soksi moja, taratibu, kwa maana ilikuwa imeshikana na kidonda, mtoto akauma midomo asilie mbele ya wageni.

"Lakini maji hii, Bwana, iko nakula miguu ya batoto," alisema, akimtazama mkaguzi usoni. "Tuko nakunywa yeyo, tuko nafulia yeyo, hatuna ingine. Wambie banafunge ile bomba."

Alisema zaidi. Alisema juu ya jirani aliyeharibikiwa mimba mara mbili, juu ya magimbi, juu ya harufu. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Mkaguzi alipiga picha. Meneja aliangalia saa. Mkaguzi akaniinamia akauliza, mama huyu anasema nini?

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja. Kapteni alikuwa nyuma kabisa, ameegemea gari, akizungumza na askari mmoja wa bondeni habari za mpira. Hakuwa akisikiliza.

"Bado anasalimia," nilimwambia.

Mkaguzi alitabasamu. Alimwinamia yule mama kidogo, akaweka mkono kifuani, namna alivyofikiri ndiyo adabu yetu. Yule mama alidhani ujumbe umefika. Macho yalimjaa machozi. Tulipokuwa tunaondoka alinikimbilia na magimbi manne yaliyofungwa katika jani la mgomba, mazima, yasiyo na doa. Alikuwa ameyatafuta kwa watu wa juu. Niliyachukua. Ningewezaje kuyakataa mbele ya watu? Tuliyala kota, na baba akasema ni matamu.

Ripoti niliichapa mwenyewe siku mbili baadaye. Majirani waliulizwa juu ya makazi, afya na mashamba, na wote walijibu kuwa wako salama. Chini yake kulikuwa na mstari wa mkalimani, nikatia sahihi. Mwezi ule nilipewa miche sita ya sabuni badala ya miwili. Sabuni ya kufulia, ya bluu. Nilimpelekea yule mama mche mmoja getini, nikamwambia awe na subira, mambo ya ng'ambo huchukua muda. Kuna mambo mengi ninayoyaonea aibu katika maisha yangu, lakini mche ule wa sabuni nauonea aibu ya peke yake.

Kama yangeishia hapo, labda ningejisamehe uzeeni. Ningesema nilikuwa mdogo, nchi ilikuwa ya mashaka, meneja alikuwa hapo, kapteni alikuwa hapo. Lakini baada ya miezi kadhaa mwalimu mkuu wangu wa zamani aliniita Mengo. Kulikuwa na barua imekuja katika sanduku la posta la shule, kwa jina langu, kutoka ng'ambo. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa, jambo ambalo siku zile lilikuwa bahati. Ilikuwa ya yule mkaguzi. Hakutaka kuandika kupitia kampuni, na kumbe alikumbuka shule niliyomtajia kwenye gari.

Ndani kulikuwa na picha. Yule mama alikuwa ameshika karai kwa mkono mmoja, wa pili unaelekeza mguu wa mtoto, kinywa kiko wazi. Ukiitazama picha ile dakika moja tu hupati salamu ndani yake. Mkaguzi aliandika kwa heshima kubwa. Alisema picha zilichelewa kusafishwa, na tangu azione hajapata usingizi. Fungu la pili lilishatoka, lakini bado kulikuwa na fungu la tatu, na hilo benki inaweza kulizuia akiwa na neno la kuaminika. Aliniomba nimwandikie, kwa siri, yule mama alisema nini hasa. Mwisho akaongeza kwamba ananiamini, kwa sababu hajapata kukutana na mkalimani makini kama mimi.

Nilimsomea baba. Ilikuwa Jumapili, alikuwa amekaa mlangoni kwa kota akipiga buti rangi. Nilimweleza yote, tangu chungwa mpaka sabuni. Nilitegemea anikanye nisiandike. Kwa kweli nilimwambia ili anikanye. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya serikali. Neno moja la kapteni lingeweza kumtoa kotani, au kumfanyia baya zaidi, na nilitaka kuusimamisha uoga wake mahali pa wangu.

Baba aliendelea kusugua buti. Kisha akaliweka chini.

"Mimi iko mzee," alisema. "Nguo ya serikali nitarudisha. Wewe andika. Ripoti haina lakini, hiyo si ripoti, hiyo ni uongo."

Basi hata kisingizio hicho kikaondoka. Aliniachia meza, akatoka kwenda kwa jirani ili niandike kwa nafasi. Nikakaa. Nilianza vizuri. Niliandika kwamba yule mama alisema maji yanakula miguu ya watoto. Kisha nikafika mahali pa kueleza kwa nini siku ile sikusema hivyo, na kalamu ikakataa.

Si kwamba niliogopa kapteni. Nilifikiria yule kijana wa shingo nyekundu akisoma kwamba mkalimani makini alikuwa mwongo. Nilifikiria akimwambia mwenzake. Mtu ambaye nisingemwona tena maisha yangu yote, nami niliona haya asinidhanie vibaya. Mtoto wa watu alikuwa akivuka mfereji kila siku, mimi nikawa nailinda sifa yangu ya Kiingereza. Nilichana karatasi ile. Nikachukua nyingine nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba watu wetu husalimia kwa mikono na kwa maneno mengi, kwamba mama alikuwa akimwonyesha mgeni mtoto wake, kama desturi, na kwamba maji ya karai yalikuwa ya kunawa. Nikasaini. Niliipeleka posta mwenyewe, kwa miguu, nikiwa na muda wa kutosha njiani wa kubadili mawazo.

Baba aliniuliza kama nimeandika. Nikasema ndiyo. Akanipiga bega, akasema vizuri, askari. Alikufa akiamini hivyo.

Fungu la tatu likatoka. Zikaja mashine mpya, na mapipa makubwa ya kuzungushia ngozi yakawa kumi badala ya manne. Bomba la nyuma likaongezewa jingine. Michoro ya matangi matatu ilibaki kabatini kwangu, imekunjwa vizuri, na mara mojamoja nilipotafuta faili nyingine niliigusa. Yule mama aliacha kuja getini Jumatatu. Nilijiambia labda wamehama.

Siku hizi nawasikia vijana waliosomea sheria wakisema kampuni ikichafua maji ya nchi nyingine ishtakiwe kwao ilikotoka, na aliyeikopesha ashtakiwe pamoja nayo, kwa kuwa fedha zake ndizo zilizofanya kazi ile. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Mkopeshaji asijifiche nyuma ya karatasi. Alikuja, alikunywa maji ya bomba la mjini, aliandika, na picha alikuwa nayo mkononi. Alitosheka kuuliza mtu mmoja aliyelipwa na mshitakiwa. Lakini nawasikia pia wakisema wananchi wa pale hawakuulizwa, na hapo nashindwa kukaa kimya. Waliulizwa. Wakajibu, tena kwa ufasaha. Siku watakapoketi mahakamani, wakiwaita wenye kampuni na wenye benki, waniite na mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha maradhi ya mtoto wa mwenzangu.

Nilimwona yule mama mara moja tena, baba akiwa bado hai. Nilikwenda Katwe kumnunulia baba sigiri kwa mafundi wanaokata mapipa. Mapipa yenyewe nilipoyatazama niliyatambua. Ndiyo yale yaliyoleta dawa za ngozi kiwandani kwetu, na rangi yake ya bluu bado ilionekana kandokando. Kelele za nyundo zilikuwa nyingi. Alitokea katikati ya mafundi akiwa amembeba binti yake mgongoni kwa kanga. Mtoto alikuwa amekuwa mkubwa, miaka tisa au kumi, si wa kubebwa. Miguu ilining'inia pande mbili za mama yake, imefungwa vitambaa tangu vidole mpaka juu ya goti, na mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa namna ambayo sikutaka kuiangalia mara ya pili.

Hapakuwa na pa kupita. Nilisimama mbele yake na sigiri mpya mkononi.

"Habari, mama," nilimwambia.

"Muzuri."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Na nyumbani?"

"Salama."

Nikangoja. Nilisimama pale kwa adabu zangu zote, nikiwa tayari kusikia chochote, nikitamani anitukane, anitemee mate, aniulize. Aliniangalia kwa muda, bila chuki wala machozi, kama unavyomwangalia mtu anayekuuliza saa. Alikuwa ameshaelewa kazi yangu ni nini. Akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza fundo la kanga kifuani, akanipita akaenda zake. Lile lakini, ambalo nimelingoja tangu siku ile, hakunipa.